Vijimea vya baharini, mawingu na kifua cha mtoto: jibu kwa mama wa Jambiani

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mama mkwe wangu analima mwani tangu mimi sijafika hapa. Mwanangu wa kidato cha pili amefundishwa skuli kwamba vijimea vya baharini, visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyotengeneza mawingu. Tangu siku hiyo maswali hayaishi nyumbani, na mimi nimeingiwa na wasiwasi. Mwani wetu miaka hii maji yakipata moto unakuwa mweupe, unalegea na kukatika. Je, bahari ikizidi kufa, ndiyo na mvua itatukimbia? Tukipanda mwani mwingi zaidi, mvua itaongezeka? Na jengine: wakati wa Kusi kunakuwa na ukungu mweupe juu ya mwamba, na maji yakitoka kuna harufu kali. Jirani yangu anasema ile ni sumu ya baharini inayoingia mapafuni. Mtoto wangu mdogo ana pumu. Nimwambie baba yake tuhamie mjini?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Barua yako imebeba wasiwasi wa aina mbili, wa mvua na wa kifua cha mtoto, na majibu yake hayafanani. Sitaki kukuweka roho juu mpaka mwisho wa maelezo marefu, kwa hiyo nianze na majibu. Mvua yenu haiji kwa sababu ya mwani wa mama mkwe wako, wala haitakoma kwa sababu mwani huo umekufa. Ukungu mnaouona mwambani wakati wa Kusi ni matone ya maji ya chumvi. Na katika yote uliyoeleza sijaona sababu ya kuhama. Mwalimu naye hakudanganya. Alichosema kina ukweli mkubwa, ila kimefupishwa mno, na hapo ndipo hofu ilipopata mlango.

Tuanze na wingu lenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba mvuke ukipanda na kupoa hugeuka wingu, basi. Kuna kitu kimerukwa. Maji yaliyo katika hali ya mvuke hayashikani yenyewe kwa yenyewe kirahisi. Yanataka kitu cha kutua juu yake. Kama hewa ingekuwa safi kabisa, haina hata chembe moja, ingebidi ibebe mvuke mara nne ya kiwango cha kushiba, yaani unyevu wa asilimia 400 hivi, ndipo matone yaanze kujiunda. Hewa ya dunia hii haifiki huko. Mawingu tunayoyaona hutokea unyevu ukipita asilimia 100 kidogo tu, pengine kwa nusu asilimia, kwa sababu hewa imejaa chembe ndogo sana za chumvi, vumbi, moshi na salfa. Chembe hizo zinazoelea ndizo erosoli. Zile zenye upana wa kuanzia nanomita 50 au 100 hivi, karibu sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele wako, hufaa kuwa mbegu za wingu: kila tone la wingu limeanzia kwenye chembe mojawapo.

Sasa angalia hesabu hii, maana ndiyo inayovipa vijimea nafasi. Katika hewa ya mjini, kila sentimita moja ya ujazo huweza kuwa na maelfu, hata makumi ya maelfu ya chembe. Juu ya bahari kuu iliyo mbali na watu, zinabaki mia chache. Penye nyingi, ukiongeza kidogo hakuna kinachobadilika. Penye chache, nyongeza ndogo huonekana kwenye mawingu.

Bahari hupeleka chembe hewani kwa njia mbili, na vijimea vina mkono katika zote mbili.

Njia ya kwanza ndiyo ukungu wako wa mwambani. Wimbi likivunjika humeza hewa, na hewa hiyo hurudi juu ikiwa viputo. Kiputo kikifika juu hupasuka. Mimina soda kwenye glasi kisha uiname juu yake, utahisi vitone vidogo vikikurukia usoni. Baharini ni hayo hayo, usiku na mchana, kwenye maelfu ya kilomita za maji. Ngozi nyembamba iliyofunika kiputo huchanika na kutawanyika, na kiputo kimoja kikubwa huweza kutoa mamia ya vitone vidogo kupita kiasi. Kisha shimo lililoachwa na kiputo hujifunga kwa kasi, na katikati yake huchomoza mshipa wa maji unaorusha juu matone machache makubwa zaidi, kila moja likiwa na upana wa karibu sehemu ya kumi ya kiputo chenyewe. Upepo huyachukua. Maji hukauka, kinachobaki ni chumvi pamoja na chochote kingine kilichokuwemo. Povu jeupe juu ya mawimbi ya bahari wazi huanza kuonekana upepo ukifika mita 4 hivi kwa sekunde, na kutoka hapo huongezeka kwa haraka sana kuliko upepo wenyewe. Ndiyo maana ukungu wenu ni wa Kusi, na siku bahari imelala huuoni, isipokuwa pale mwambani ambako mawimbi hayapumziki.

Hicho "chochote kingine" ndicho kilichowashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi. Vijimea ni mimea ya seli moja inayoelea karibu na uso wa bahari. Ni midogo, lakini kwa wingi wake hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, sawa na misitu na mashamba yote ya nchi kavu ikijumlishwa. Kijimea kinapoishi hutoa ute wa sukari. Kinapokufa, kinapoliwa au kinapopasuliwa na virusi humwaga protini na mafuta. Baadhi ya vitu hivi havipendi kuzama majini, hivyo hukimbilia juu na kufanya utando usiofika hata milimita moja ya unene, unaofunika bahari karibu kote. Viputo vinapopanda navyo huvikusanya vitu hivyo njiani. Kiputo kinapopasuka, kinapasuka katikati ya utando uliojaa masalia ya uhai. Tangu mwaka 1970 watafiti Blanchard na Syzdek walionyesha katika maabara kwamba tone linalorushwa na kiputo huweza kubeba bakteria kwa wingi mara mia na zaidi kuliko maji lilikotoka.

Ushahidi uliowashtua wengi ulitoka kituo cha kupima hewa cha Mace Head, magharibi mwa Ayalandi, mahali ambapo upepo hufika ukiwa umevuka Atlantiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba katika miezi ya vijimea kushamiri, vitu vya kikaboni, yaani vinavyotokana na uhai, vilikuwa asilimia 63 ya uzito wa chembe ndogo kabisa za baharini. Majira ya baridi, vijimea vikiwa vichache, vilishuka hadi asilimia 15. Bahari ni ile ile, upepo ni ule ule wa magharibi, lakini hewa imebadilika kwa sababu ya kinachoishi majini.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kamili. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, watafiti waliozalisha matone ya bahari kwa makusudi wakiwa melini, kwenye maji yenye vijimea vingi na kwenye maji maskini, walikuta kiasi cha kikaboni hakitofautiani sana. Sababu waliyoitoa ina uzito: bahari ina hazina kubwa ya kaboni ya zamani iliyoyeyuka, iliyoachwa na vizazi na vizazi vya vijimea, na hiyo ipo hata pale maji yanapoonekana matupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeona kitu cha kweli, kila mmoja kwa mahali pake. Tena kuna jambo ambalo wasomaji husahau: tone lile lingeruka hewani na kuacha chumvi hata kama kijimea kisingekuwepo. Ute wa vijimea hubadilisha chembe imeumbwa na nini na kwa kiasi fulani idadi yake, lakini hauianzishi kutoka pasipo na kitu.

Njia ya pili ni ya gesi, na hii ndiyo nadhani mwalimu alikuwa nayo akilini. Vijimea vingi huhifadhi ndani ya seli zao kemikali yenye salfa inayovisaidia kuhimili chumvi ya bahari. Kijimea kikitafunwa na wadudu wadogo wa baharini, au virusi vikikipasua, kemikali ile humwagika. Bakteria huivamia, sehemu kubwa wanaila, sehemu ndogo hugeuka gesi iitwayo dimethili salfaidi, na sehemu ndogo zaidi ya gesi hiyo huponyoka kutoka majini hadi hewani. Mwanasayansi James Lovelock aliikuta katika bahari alipokuwa safarini kuelekea kusini mwa Atlantiki mwaka 1971, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakachapisha hoja kwamba ndiyo inayorudisha salfa ya bahari nchi kavu. Makadirio yanayotumika sana siku hizi ni kwamba bahari zote hutoa hivyo tani milioni 28 hivi za salfa kila mwaka.

Mwambie mwanao jambo moja ambalo hata vitabu vya skuli hulikosea. Kijani kingi majini hakina maana ya gesi nyingi. Vijimea vyenye maganda ya silika vinaweza kujaa tele na kutoa kidogo sana, ilhali aina kama Emiliania huxleyi na Phaeocystis hutoa kwa wingi. Na gesi hutoka zaidi pale vijimea vinapoliwa na kufa kuliko vinapostawi. Kwa hiyo setelaiti ikiona bahari imekuwa ya kijani, imeona mwanzo wa habari tu.

Hewani, mwanga wa jua hutengeneza viini vikali vinavyoishambulia gesi ile, na usiku kuna vingine vinavyochukua zamu. Kwa muda wa siku moja au mbili inakuwa imekwisha, sehemu yake ikiwa asidi ya salfuriki. Bado tunajifunza njia zake: mwaka 2020 tu ndipo ilipothibitishwa kwa vipimo vya ndege kwamba sehemu kubwa ya gesi hii hupitia kemikali ya kati ambayo hapo kabla ilijulikana kwa hesabu na majaribio ya maabara tu, na kemikali hiyo huweza kumezwa na mawingu kabla haijazaa chembe mpya. Asidi inayobaki hufanya moja kati ya mawili. Ama hujibandika kwenye chembe zilizopo na kuzikuza, ama, penye hewa safi na baridi, molekuli zake hukusanyika na kuzaa chembe mpya yenye upana wa nanomita moja hivi. Chembe hiyo ni ndogo mno kuwa mbegu ya wingu. Inabidi ikue, na kukua huchukua siku kadhaa.

Na hapa pana jambo linalogusa swali lako moja kwa moja. Karibu na uso wa bahari chembe mpya huzaliwa kwa nadra, kwa sababu chumvi iliyojaa hewani huinyang'anya asidi kabla haijakusanyika. Mahali penye kazi hiyo zaidi, hasa kwenye ukanda wetu wa tropiki, ni juu sana, ambako mawingu makubwa ya mvua hupandisha hewa ya baharini na kuimwaga ikiwa safi na baridi. Chembe huzaliwa huko, husafiri na pepo za juu, kisha hushuka taratibu mahali pengine kabisa. Gesi iliyotoka leo mbele ya Jambiani, kama itazaa mbegu ya wingu, basi wingu hilo huenda likawa mamia au maelfu ya kilomita kutoka kwenu. Hakuna kijiji chenye vijimea vyake na mawingu yake.

Kuna na iodini, ile ile ya chumvi yenye madini joto. Kwenye pwani za baridi kama ya Ayalandi, mwani mkubwa wa kahawia ukiachwa wazi na maji kupwa hutoa iodini nyingi, na chembe mpya hulipuka hewani kwa mamilioni katika muda wa saa chache. Mwani wenu ni wa jamii nyingine, ule mwekundu, na sitaki mtu auhamishie sifa hizo.

Sasa niseme ile hadithi kubwa ilikotoka. Mwaka 1987 Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walichapisha wazo lililobadilisha fani yetu ya kemia ya angahewa: dunia ikipata joto, vijimea vitatoa gesi zaidi, gesi itazaa mbegu nyingi za wingu, mawingu yatakuwa meupe zaidi na kurudisha mwanga wa jua, bahari itapoa. Yaani bahari hai hujirekebishia hali ya hewa yake. Ni wazo zuri, na limezaa utafiti wa miongo kadhaa. Lakini kila kiungo kilipopimwa peke yake kilionekana dhaifu kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2011 watafiti Quinn na Bates waliandika kwamba ushahidi haukuunga mkono mzunguko huo kuwa kidhibiti cha hali ya hewa ya dunia. Mimi nakubaliana nao. Walichokataa ni usukani. Mchango wa vijimea katika mawingu haukukataliwa. Kwenye Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktiki, ambako moshi wa watu ni mdogo, idadi ya matone ndani ya mawingu huongezeka majira ya joto pamoja na uhai wa bahari, na mawingu yale hurudisha mwanga mwingi zaidi. Huko mchango unapimika. Kwingine umefunikwa na moshi wetu.

Kwa nini basi nasema mvua yenu haitegemei hayo? Kwanza, wingu na mvua ni vitu viwili. Tone moja la mvua limekusanya maji ya matone milioni moja hivi ya wingu. Maji ya wingu yakigawanywa kwa mbegu nyingi, kila tone hubaki dogo, hayagongani wala kuungana upesi, na mvua huchelewa au hukosa kabisa. Mbegu nyingi huweza kufanya wingu liwe jeupe zaidi na lenye mvua kidogo zaidi. Chembe kubwa za chumvi hufanya kinyume: chache tu huanzisha matone makubwa yanayokusanya mengine yakishuka. Kwa hiyo anayesema "vijimea zaidi, mvua zaidi" anaruka hatua ambayo maumbile hayairuki.

Pili, angalia pepo na maji yenu. Maji ya mbele ya Unguja upande wa mashariki ni ya buluu safi kwa sababu yana virutubisho vichache, na kwa hiyo vijimea vichache, ukilinganisha na mwambao wa Somalia na Oman, ambako wakati wa Kusi maji baridi hupanda kutoka chini na bahari hubadilika rangi. Kaskazi huja na yake. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1999 watafiti wa nchi nyingi walipima hewa ya Bahari ya Hindi kwa meli, ndege na kituo cha Maldivi, wakakuta ukungu wa moshi kutoka Asia ya Kusini umetanda hadi karibu na Ikweta. Hewa inayokufikia ubarazani ni mchanganyiko wa mambo ya mbali sana, na vijimea ni sehemu yake mojawapo.

Masika na Vuli zenu huongozwa na mkanda wa mvua unaofuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, pamoja na joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, Vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Ikigeuka, Vuli hukaukia. Ukitaka kujua mvua ya msimu ujao, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Rangi ya mwani haitakuambia.

Joto la bahari, hata hivyo, ndilo pia linaloua mwani wenu, na hapo wasiwasi wako una msingi. Aina ile yenye bei nzuri, kotoni, haivumilii maji ya kina kifupi yanapochemka juani. Hupauka, hulegea, magonjwa huingia. Wakulima wengi wa Zanzibar wameihamishia maji ya kina au wamebaki na aina nyingine, spinosamu, peke yake. Hilo ni tatizo la kipato cha kina mama, na linastahili kushughulikiwa kwa sababu hiyo pekee. Halihitaji kubebeshwa na mvua ndipo liwe zito. Mama mkwe wako na wenzake wakiongee na maofisa wa mazao ya bahari au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapo hapo Unguja. Na akija mtu kijijini kuwaambia kwamba kupanda mwani au kumwaga mbolea baharini kutawaletea mvua, msimpe pesa wala saini. Majaribio ya kumwaga chuma katika bahari kuu yaliwahi kufanywa na wanasayansi, vijimea vikaongezeka kweli na gesi ikapanda, lakini madhara yake kwa viumbe wengine hayatabiriki, na mwaka 2008 nchi zilizo katika mkataba wa kuzuia utupaji taka baharini zilikubaliana kwamba kazi hiyo isifanywe nje ya utafiti halali.

Nakuja kwa mtoto. Fani yangu ni kemia ya angahewa, si udaktari, hivyo nitasema ya hewa na kukuonyesha pa kwenda kwa yaliyobaki.

Harufu ya maji yakitoka ina vyanzo zaidi ya kimoja. Ile ya kawaida ya bahari, inayokaribia kabichi iliyochemshwa, ni ile dimethili salfaidi. Miamba ya matumbawe nayo huitoa, hasa ikiachwa wazi juani. Pua ya binadamu huinusa ikiwa kidogo ajabu, na kuna ndege wa baharini wanaoifuata kutafuta chakula. Kwenye hewa ya bahari kuu kwa kawaida ni molekuli makumi hadi mamia kadhaa katika kila molekuli trilioni moja. Kwa kiasi hicho haidhuru mapafu. Harufu ya mayai yaliyooza, inayotoka kwenye matope ya mikoko na marundo ya majani ya baharini yanayooza, ni gesi nyingine, haidrojeni salfaidi. Nje penye upepo inachukiza tu. Ila rundo kubwa likioza karibu na dirisha analolala mtoto mwenye pumu, liondolewe.

Ukungu wa mwambani una matone makubwa kwa sehemu kubwa, na mengi hunaswa puani na kooni. Watoto wenye pumu hawafanani; wapo wanaokohoa wakipigwa na upepo wenye chumvi, wapo wanaopumua vizuri zaidi ufukweni. Ningeanza kuangalia ndani ya nyumba kabla ya kuitazama bahari: moshi wa kuni na mkaa, dawa ya mbu ya kuwasha, udi na ubani, ukuta wenye ukungu wa unyevu, godoro lenye vumbi. Unyevu wa pwani hulea wadudu wadogo wa vumbi, na hao huchokoza pumu zaidi kuliko chumvi. Ukihamia mjini hutawaacha nyuma, na utaongeza moshi wa magari.

Jirani yako, hata hivyo, hakulitunga lote. Kuna vijimea vichache vyenye sumu, na sumu hiyo huweza kupanda hewani kwa njia ile ile ya viputo. Florida, Marekani, hutokea mara kwa mara kijimea Karenia brevis kinapojaa, na watu wenye pumu hupata tabu ufukweni. Genoa, Italia, mwaka 2005 watu wapatao 200 walitafuta matibabu baada ya Ostreopsis kushamiri pwani. Dalili zake si za kufichika: maji hubadilika rangi au kufanya utando, samaki hufa na kutupwa ufukweni, na watu wengi, hata wasio na pumu, huanza kukohoa na kuwashwa macho na koo kwa pamoja, kisha hupata nafuu wakiondoka upande wa upepo. Mkiona hivyo, watoto wasiende ufukweni, msile chaza wala kome, na taarifa ifike kwa ofisa wa uvuvi na kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini msishtuke kila maji yakibadilika. Wakati wa Kaskazi pwani yetu hupata michirizi ya rangi ya kutu kama unga wa mbao; mara nyingi ni Trikodesmiamu, jamii nyingine inayostawi bahari ikiwa shwari na yenye joto. Ikiwa hakuna samaki waliokufa wala watu wanaokohoa, kutoa taarifa kunatosha.

Mtoto apelekwe kituo cha afya kwa miadi ya kawaida kama anakohoa usiku zaidi ya mara moja moja, kama anahitaji pampu mara nyingi kwa wiki, au kama hana dawa ya kuzuia bali ya kutuliza tu; mwulize daktari hasa kuhusu hiyo ya kuzuia. Usisubiri miadi kama anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zinabonyea kila akivuta hewa, midomo inageuka buluu au kijivu, au pampu haimpi nafuu. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, iwe Kusi au Kaskazi.

Kabla ya miadi, mpe kazi huyo mkubwa wa kidato cha pili. Aandike kwenye daftari kila siku mdogo wake alipokohoa: saa ngapi, upepo unatoka wapi, maji yamejaa au yametoka, jikoni kulikuwa na moshi, ubani uliwashwa, walilala chumba kipi. Afanye hivyo kwa mwezi mmoja hivi, na daftari liende nanyi kwa daktari. Kama kikohozi kinafuata upepo wa baharini litaonyesha, na kama kinafuata moshi wa jikoni litaonyesha pia, na daktari atakuwa na cha kufanyia kazi zaidi ya maneno ya jirani au yangu.